Matembezi ya Usiku Mji Mkongwe: Wafu Wasigeuzwe Kitisho

Katika miji mikongwe kama York na Edinburgh, wageni hulipa ili wapitishwe vichochoroni usiku na kusimuliwa habari za mizimu. Zanzibar nako, anayezungushwa Mji Mkongwe baada ya Isha huweza kusimuliwa habari za namna hiyo. Je, familia ya Kiislamu ikialikwa ifanyeje?

Swali hili lilitukabili sisi wa Lufingo, wilayani Rungwe, tulipofika Unguja katika ziara ya familia za msikiti wetu. Tuliswali Isha, kisha tukamfuata mwongoza watalii kutoka Forodhani. Alianzia Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Kadiri vichochoro vilivyozidi kuwa vyembamba, ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Huko Mkunazini, nje ya kanisa la Kianglikana, akasema kwamba usiku husikika minyororo na vilio vya watumwa. Watoto wakatushika kanzu na mabuibui.

Tulimwomba atangulize historia. Ndipo watoto walipoelezwa kuwa hapo palikuwa na soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali kwa mkataba lifungwe, na kanisa likajengwa juu ya uwanja huo. Wengi wa waliouzwa Zanzibar waliletwa kupitia Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, ziwa lile lile la majirani zetu wa Kyela. Kumbe wanaogeuzwa mizimu ya kuchangamsha wageni ni watu wa pande zetu, waliokuwa na majina, wazazi na watoto.

Wala tusifiche kwamba miongoni mwa wauzaji na wanunuzi walikuwamo Waislamu. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Hilo ndilo la kumtisha Muislamu akisimama Mkunazini.

Ama kuhusu itikadi, majini wapo. Sura nzima ya 72 ya Qur'ani imeitwa kwa jina lao, nayo inakemea kutafuta kinga kwao. Lakini waliofariki wako barzakh, nyuma ya kizuizi, hadi siku ya kufufuliwa. Hawazururi mitaani.

Hofu isiyo na elimu ina gharama. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianzia Pemba ukaenea hadi Unguja. Watu walikesha nje ya nyumba zao, na mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa, aliuawa na kundi la watu. Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tunafahamu habari za wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Mtoto anayelelewa kwa kutishwa ni rahisi kesho kujiunga na kundi la namna hiyo.

Kwa hiyo, wazazi watakaokwenda matembezi ya usiku na wazingatie haya:

Kwanza, wakati. Mtume (s.a.w.) aliagiza watoto wazuiliwe ndani giza linapoingia, kwani mashetani huenea wakati huo, sehemu ya usiku ikishapita, waachiwe.

Pili, nyiradi. Watoto wasome Ayatul Kursi, Suratul Falaq na Suratun Nas kabla ya kutoka, wajue kinga yao iko kwa nani.

Tatu, mzaha wa kutishana. Sahaba mmoja alipokuwa amelala, mwenzake aliishika kamba yake, naye akashtuka, Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali kumtia hofu Muislamu. Mwongozaji anayepanga kumrukia mtu gizani aambiwe mapema asifanye.

Nne, maswali. Mwongozaji aulizwe nani aliishi hapa, mwaka gani, na nini kilimpata. Asiye na majibu hayo anauza uvumi.

Hapa Lufingo pia watoto huogopa kupita makaburini jioni. Tuwapeleke mchana, tuwafundishe kuwatolea salamu na kuwaombea waliolala humo, na tuwasimulie walikuwa nani. Kuzuru makaburi kumesuniwa ili kutukumbushe Akhera, na mtoto aliyemjua babu yake kwa dua hatamkimbia kwa hofu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.