Kibaba cha Mzee wa Boyle Heights

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami niliiamini methali hiyo tangu utotoni, hadi nilipokutana na mzee mmoja mjini Los Angeles, huko Marekani, aliyekuwa amefanya kazi miaka arobaini na kibaba chake kingali kitupu.

Mwaka wa 2012 nilipanga chumba katika mtaa wa Boyle Heights. Wakazi wengi wa hapo ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika zinazosema Kihispania. Mzee mwenyewe alikuwa mpangaji, akanipa chumba kimoja ili kodi isimlemee. Kila alfajiri alipakia mashine yake ya kukatia nyasi garini, akaenda kutunza bustani za Wazungu upande wa magharibi. Mkewe alishona nguo kiwandani. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao amekaa bure.

Jioni moja aliniambia kwamba alipata kuwa na nyumba yake. Aliinunua mwaka wa 2005 kwa mkopo wa benki ambao riba yake ilianza chini, kisha ikapanda. Mwaka wa 2008 kazi zikapungua, malipo yakamshinda, na mwaka uliofuata nyumba ikachukuliwa.

"Nilikuwa mpangaji, nikawa mwenye nyumba, sasa ni mpangaji tena," akasema huku akicheka. Mkewe hakucheka.

Msomaji, mzee huyo hakuwa peke yake. Kituo cha utafiti cha Pew kilieleza mwaka wa 2011 kwamba kati ya 2005 na 2009 mali ya familia ya kawaida ya Walatino ilipungua kwa asilimia 66. Ya Wazungu ilipungua kwa asilimia 16 tu. Sababu yake si ngumu. Sehemu kubwa ya mali ya Walatino ilikuwa nyumba, na bei za nyumba ndizo zilizoanguka. Wazungu wengi walikuwa pia na hisa na akiba ya uzeeni.

Labda utauliza, je, si suala la mshahara tu? La, hasha. Mwaka wa 2023 familia ya Kilatino ya katikati ilipata dola 65,540, na ya Kizungu dola 89,050. Hiyo ni karibu robo tatu. Lakini ukitazama mali, yaani kila walicho nacho ukitoa madeni, hesabu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka wa 2022 zaonyesha kama dola 62,000 kwa Mlatino na 285,000 kwa Mzungu. Hapo hata robo haifiki!

Naam, mshahara hulipwa leo, bali mali huanza na babu. Baba yake mzee huyu aliingia Marekani kwa mkataba wa vibarua wa mashambani, mpango uliodumu kutoka 1942 hadi 1964. Katika miaka ya mwanzo vibarua hao walikatwa asilimia 10 ya ujira iwe akiba yao huko Mexico, na wengi hawakuiona tena. Tena sheria ya mshahara wa chini ya mwaka wa 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani mpaka 1966. Mtu kama huyo angemwachia mwanawe nini?

Mmoja wa wateja wa mzee alikuwa kijana wa Kizungu aliyeishi katika nyumba aliyoachiwa na nyanya yake. Mzee naye kila mwezi alimpelekea mama yake mzazi fedha Mexico. Sisi Wakenya twalijua jambo hilo vizuri. Fedha za mmoja zateremka kutoka kwa wazee, za mwingine zapanda kwao.

Ni kweli kwamba kati ya 2019 na 2022 mali ya Walatino ilikua kwa asilimia 47, na ya Wazungu kwa 31. Hilo ni jema. Hata hivyo, kwa kuwa Mzungu alianza na nyingi, tofauti yao kwa dola ilizidi kupanuka.

Siku ya kuagana, mzee alinionyesha kitabu kipya cha benki. Alikuwa ameanza tena kuweka akiba, haba na haba, apate nyumba ya kumwachia bintiye.