Saa Kumi Gani?

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Sasa mashine nazo hazina budi kufunzwa neno hili.

Ndugu msomaji, mtazame Mswahili wa Lamu anayekaa Kawangware, magharibi ya Nairobi, na kufanya kazi katikati ya jiji, karibu na Msikiti wa Jamia. Mwezi wa Ramadhani aiambia simu yake: "Niamshe saa kumi." Kusudi lake ni daku. Lakini neno hilo lina maana nne: saa kumi za alfajiri, saa kumi za jioni, na kwa hesabu ya Kizungu, saa nne za asubuhi au saa nne za usiku. Simu ikikisia vibaya, atashinda na njaa ya siku mbili.

Hesabu yetu haina kosa. Karibu na Ikweta jua huchomoza na kutua takriban wakati ule ule mwaka mzima. Ndipo saa zikahesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Kadhalika, siku ya Kiislamu huanza magharibi. Mzee akitaja usiku wa Ijumaa, aghalabu ataka ule ambao simu huuita usiku wa Alhamisi.

Mwaka 2017 Google ilikitia Kiswahili katika lugha ambazo simu huziandika kwa kusikiliza. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza fedha za kukusanya sauti za Kiswahili. Hata hivyo, kusikia neno ni jambo moja, kujua kusudi ni jingine.

Kazi hiyo ni ya watunga programu, ambao wengi wamekuwa upande huo wa magharibi tangu iHub ilipofunguliwa barabara ya Ngong mwaka 2010. Programu hugeuza sauti kuwa maandishi, ikatafuta tendo linalotakiwa, kisha saa, mtu, mahali au kiasi. Kimoja kikiwa na utata, ama itakisia, ama itauliza.

Kwa wimbo, na ikisie. Hasara yake ni ndogo. Lakini ukisema, "Mtumie Ali elfu mbili," na simuni mna akina Ali watatu, lazima iulize. Swali liwe moja, fupi, na jibu likumbukwe kesho. Aulizaye kila neno huchosha.

Tukizoea kuisemesha simu kwa saa za Kizungu ili itusikie, basi aliyefunzwa si mashine. Ni sisi.