Kwa nini ngalawa hushindana: Mwembe, upepo na jina la nahodha

MWEMBE uliozeeka katika mashamba ya Ganda, kilomita chache magharibi mwa mji wa Malindi, huweza kuishi maisha mawili. Ya kwanza ni ya kuzaa embe na kuwapa watu kivuli. Ya pili huanza siku unapoangushwa, gogo lake likachongwa kwa tezo mpaka likawa na uwazi ndani, kisha likaburutwa hadi ufuoni, likatiwa matengo mawili, mlingoti na tanga. Mti huo sasa ni ngalawa.

Kwa watalii wanaopiga picha kutoka hotelini, ngalawa na mashua zinapojipanga mwisho wa juma na kung'oa nanga kwa pamoja, hiyo ni burudani. Kwa wenye vyombo, ni jambo jingine kabisa. Mvuvi huweza kufanya kazi miaka mingi pasipo yeyote kujua kama chombo chake ni chepesi au kizito, kama tanga lake limekatwa sawasawa, au kama yeye mwenyewe ni nahodha au ni mshika usukani tu. Siku ya mashindano huyafichua yote hayo mbele ya kijiji kizima. Mwenye chombo na fundi aliyekiunda huwa wamesimama ufuoni, na wote wawili wana jina la kulinda.

Ili kuelewa kinachoshindaniwa, hapana budi kuanza na upepo. Pwani ya Afrika Mashariki hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia takriban Desemba hadi Machi, na Kusi huvuma kuanzia Aprili na kuchafua bahari zaidi katikati ya mwaka. Baina ya hizo kuna kipindi ambacho mabaharia hukiita tangambili, upepo unapokuwa haujaamua pa kwenda. Wenyeji wa Malindi wana ushahidi wa kihistoria wa nguvu ya pepo hizi. Vasco da Gama alipoondoka hapa mwezi Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, alifika Calicut nchini India kwa muda wa wiki nne hivi. Aliporejea mwaka huohuo bila kungoja msimu, safari ya kuivuka bahari ileile ilimchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa njiani kwa ugonjwa wa kiseyeye. Alifika tena Malindi Januari 1499.

Kwenda na upepo, kwa hiyo, si kazi ya kujisifia. Njia ya mashindano kwa kawaida huzunguka maboya, na sehemu moja lazima iuelekee upepo. Hapo ndipo chombo kinapopaswa kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu, kisha upande ule, mpaka kilifikie boya ambalo upepo wenyewe unatoka huko.

Ugumu wake unatokana na umbo la tanga. Tanga la ngalawa, sawa na la mashua na jahazi, ni la pembetatu, nalo hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali, ambao huinuliwa mlingotini kwa kamba ya henza. Pembe ya chini ya mbele hufungwa karibu na omo. Pembe ya nyuma hushikwa kwa kamba iitwayo damani, na anayeishika damani ndiye mwenye roho ya chombo mkononi. Akiikaza mno, chombo hulala na kupoteza mwendo. Akiilegeza mno, tanga hupigapiga bure kama nguo kwenye kamba.

Boti za kisasa za michezo hugeuka kwa kuupitisha upepo kwenye omo, na tanga huhama lenyewe. Chombo cha Kiswahili hakina raha hiyo. Foromali iko mbele ya mlingoti, na upepo ukilipiga tanga kwa mbele hulibana mlingotini. Kwa sababu hiyo nahodha mara nyingi huugeuzia upepo tezi. Damani huachiliwa, foromali husimamishwa wima, kisha tanga lote huzungushwa kwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili na kukazwa upya. Mabaharia waliozoeana huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana. Wasiozoeana hujikuta wamefunikwa na tanga lao wenyewe, chombo kimerudi nyuma, na watu wa ufuoni wanacheka. Mashindano mengi hupotea hapo, wala si kwenye mbio zenyewe.

Jambo la pili ni mizani. Ngalawa ina matengo pande zote mbili, na upepo unapoisukuma, tengo la upande wa chini huzama na kulivuta chombo nyuma. Dawa yake ni watu: baharia mmoja au wawili hupanda tengo la upande wa upepo na kuligandamiza kwa uzito wao, wakiingia ndani na kutoka nje kila upepo unapobadilika. Tanga la merikani nalo hurushiwa maji ya chumvi upepo ukiwa hafifu, ili nyuzi zivimbe na matundu ya kitambaa yazibe. Matanga ya plastiki hayahitaji hayo, ingawa wazee wengi hawayapendi.

Kisha kuna maji yenyewe, ambayo hayajui kalenda ya ofisi. Wakati wa bamvua katika pwani hii, maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa mnamo saa nne. Waandalizi wakipanga mashindano Jumamosi ya bamvua saa nne asubuhi, watavikuta vyombo vimekaa juu ya mchanga, pengine na mgeni wa heshima akiwa tayari amevaa kofia yake. Katika mkono wa bahari wa Kilifi tatizo ni zaidi ya kina, kwa kuwa maji yanayoingia na kutoka kwenye mlango wake mwembamba yana mkondo wenye nguvu, na nahodha asiyeuhesabu huweza kusafiri kwa bidii huku akibaki palepale.

Mfano unaojulikana zaidi wa mashindano haya uko kaskazini mwa Malindi, katika kisiwa cha Lamu, ambacho mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Huko mashua hushindana katika mkondo unaotenganisha Lamu na Manda, hasa wakati wa tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, na pia kijijini Shela wakati wa Mwaka Mpya. Badala ya matengo, mabaharia wa Lamu huukalia ubao mrefu unaotolewa nje upande wa upepo, miili yao ikining'inia juu ya maji. Ushindi hubebwa na kijiji, na kwa mahali kama Matondoni, ambako kuunda vyombo ni kazi ya vizazi, ushindi ni tangazo la biashara lisilolipiwa.

Biashara hiyo ina mashaka. Mbao ngumu zimekuwa adimu na ghali, na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, mafundi walibanwa zaidi. Mwembe, ambao humea shambani na wala si msituni, si jibu kamili, kwa sababu mwenye shamba hufikiria mara mbili kabla ya kuuangusha mti unaomlipa kila msimu, na gogo la mwembe huoza upesi lisipotunzwa. Ndiyo maana ngalawa huvutwa nchi kavu, tumbo lake likachomwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu watoboao mbao, kisha likapakwa deheni. Mafundi wa Lamu wamejaribu hata taka: jahazi la Flipflopi, la urefu wa mita tisa hivi, lililoundwa kwa plastiki iliyorejelewa na kuvalishwa vipande vya ndara kuukuu, lilishushwa majini mwaka 2018, na mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar likiipitia pwani hii.

Tishio kubwa zaidi, hata hivyo, ni injini. Hakuna wa kumlaumu kijana anayeitaka, kwani humfikisha sokoni samaki wakiwa wabichi na humwezesha kurudi nyumbani upepo ukiwa umelala. Lakini mafuta hununuliwa kila siku, samaki wapatikane wasipatikane, na katika mgao wa mavuno gharama hiyo huondolewa kabla ya fungu la chombo na mafungu ya watu. Injini ikizimika nje ya mwamba wakati wa Kusi, baharia asiyewahi kulipitisha tanga mbele ya mlingoti hana la kufanya ila kungoja aonekane. Ujuzi huo kwa kawaida haufundishwi shuleni. Kijana huupata kwa kuketi kwenye tengo, akitukanwa na nahodha aliye nyuma kwa hatua tatu.

Jioni ya mashindano, baada ya zawadi kutolewa na mabishano kuanza, utawaona wenye vyombo vilivyoshindwa wakilitandaza tanga mchangani na kulipima kwa shibiri, wakitafuta mahali lilipokatwa vibaya. Jumatatu alfajiri vyombo hivyohivyo hurudi kuvua.