Mzee Akibadilika Ghafla Wodini, Usiseme Ni Uzee

Pengine umewahi kumpeleka mzazi wako hospitali kwa homa ya mapafu au kwa kuvunjika nyonga, akili zake zikiwa timamu, akiwatambua wanawe na wajukuu wake mmoja mmoja. Baada ya siku mbili ukamkuta anamwita muuguzi kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki, au anadai kuwa yuko shambani. Asubuhi akatulia, usiku yakamrudia. Baadhi ya watu wakasema ni uzee, na wengine wakanong'ona kuwa mzee amerogwa.

Kauli zote mbili ni za hatari, kwani zote humfanya mtu akae kimya badala ya kumwita daktari. Hali hiyo ni maradhi. Madaktari huiita deliriamu, nasi tangu zamani tunalo neno kuweweseka. Ni kuvurugika kwa akili kunakoanza ghafla, kwa muda wa saa au siku chache, na kunakopanda na kushuka. Hapo ndipo kunapotofautiana na maradhi ya kusahau ya uzeeni, ambayo hujijenga polepole kwa miezi na miaka.

Dalili ya mvua ni mawingu. Akili ya mzee ikivurugika ghafla, mara nyingi pana jambo mwilini linalotaka kutafutwa: maambukizo ya mapafu au ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, mkojo ulioziba, maumivu yasiyotulizwa, au dawa, hasa za usingizi. Wanaoweweseka hukaa hospitali muda mrefu zaidi na hufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo kuchelewa kutambua si jambo dogo.

Tena si kila anayeweweseka hupiga kelele. Wengi hunyamaza, husinzia mchana kutwa, na hukiacha chakula bila kukigusa. Huyo husifiwa kuwa mgonjwa mpole, kumbe ndiye anayesahaulika. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Je, hali hii hupimwaje? Haihitaji mashine. Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye wa Marekani na wenzake walitoa kipimo kinachotazama mambo manne: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, kushindwa kukaza fikira, mazungumzo yasiyoshikana, na kupungua au kuzidi kwa uamkaji. Mawili ya kwanza yakiwapo, pamoja na mojawapo ya mawili ya mwisho, mgonjwa anaweweseka. Kipimo kingine, kiitwacho 4AT, huchukua dakika mbili hivi: muuguzi hutazama kama mgonjwa yu macho, humwuliza umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, kisha humwomba ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma.

Lakini bibi ambaye hakupata nafasi ya kusoma, na ambaye tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote, aweza kushindwa maswali hayo akiwa mzima kabisa. Kwa ajili ya wazee kama hao, wataalamu waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walisaidia kuunda kipimo kisichodai kusoma wala kuandika: mzee hukumbuka maneno aliyosomewa, hutaja wanyama, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kipimo hicho kilijaribiwa baadaye katika hospitali ya KCMC, Moshi. Huko, miongoni mwa wagonjwa wenye miaka 60 na zaidi waliochunguzwa, takriban mmoja katika kila watano alikuwa anaweweseka.

Hata hivyo liko swali moja ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulijibu bila msaada wa jamaa: je, mzee huyu ndivyo alivyo siku zote? Muuguzi amemwona kwa siku mbili. Wewe umemjua maisha yako yote. Basi uingiapo wodini saa za kutazama wagonjwa, usimpe mzee uji tu ukaondoka. Zungumza naye. Ukiona fikira zake zinatangatanga, mwendee muuguzi umwambie waziwazi: "Jana hakuwa hivi." Mtajie pia kila dawa aliyokuwa akitumia nyumbani, na za miti shamba usizifiche.

Kinga nayo iko mikononi mwetu. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1999, kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi, ulionyesha kuwa mambo ya kawaida tu yalipunguza walioweweseka kutoka 15 hadi karibu 10 katika kila 100. Mambo yenyewe ni haya: kumkumbusha mgonjwa siku na mahali alipo, kumnywesha maji ya kutosha, kumwinua atembee, kumwezesha kuona na kusikia vizuri, na kumwacha alale usiku bila usumbufu.

Kwa hiyo, siku utakapofunga mzigo wa mzee wako kwenda hospitali, tia miwani yake pamoja na kanga na bakuli. Akianza kuweweseka, usibishane naye wala usikubali afungwe kitandani kabla daktari hajaitwa. Mshike mkono, mtajie jina lako, mwambie alipo. Kisha nenda ukamwite muuguzi, nawe usione haya kumwita mara ya pili.