Kaya: Neno, Msitu na Haki ya Mwenyeji

Katika Kiswahili sanifu, kaya ni jumla ya watu waishio nyumba moja na kula chungu kimoja. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ni msitu mtakatifu unaozunguka mahame ya wahenga wao. Maana hizi mbili hukutana katika dhana ya makazi. Miiko iliyosimamiwa na wazee ilikataza ukataji miti, ikaruhusu matambiko na, kwa masharti, uchumaji wa mitishamba. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992. UNESCO ikaziingiza baadhi katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata hivyo, neno hifadhi likifasiriwa kuwa eneo lililofungwa, mwenyeji hugeuka mvamizi. Sheria ikiulinda msitu bila kuwapa wazee kauli, itahifadhi miti na kuipoteza kaya.