Jino la Kung'oa na Jino la Kuokoa

"Ng'oa tu daktari, nimechoka." Madaktari wa meno wameyazoea maneno haya. Mgonjwa amekesha, shavu limevimba, na anachotaka ni jino litoke. Lakini maumivu peke yake si sababu ya kung'oa. Daktari hutazama mambo mawili: je, jino lililobaki linatosha kujengwa upya, na mfupa unaolishikilia bado ni imara?

Chukua gego la kwanza la kudumu. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kutoka ili kulipisha. Wazazi wengi hudhani litang'oka lenyewe kama mengine. Haling'oki. Juu yake lina vifereji vyembamba ambamo nyuzi za mswaki haziingii. Bakteria hukaa humo, hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha enameli, ingawa enameli ndiyo ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Shimo likifika kwenye dentini, maji baridi huchoma. Hapo kuziba kunatosha. Likifika kwenye kiini chenye neva, jino huuma bila kuguswa, hasa usiku. Hata hapo linaweza kuokolewa: daktari hutoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza.

Lisipotibiwa, maumivu huweza kukoma ghafla, na mgonjwa hushukuru Mungu. Kumbe kiini kimekufa, na maambukizi yanateremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kutunga usaha ndani ya taya. Akirudi baada ya miezi, mara nyingi kuta za jino zimeoza hadi chini ya fizi na hakuna pa kushikizia kitu. Jino hilo litang'olewa, sawa na lile ambalo mzizi wake umepasuka kwa urefu.

Jino zima lisilo na tundu nalo huweza kung'olewa. Ugonjwa wa fizi hula mfupa polepole, mara nyingi bila maumivu, hadi jino linacheza kwa ulimi. Gego la mwisho, linaloota kati ya miaka 17 na 25, likikosa nafasi hulala na kusukuma jirani yake, na fizi inayolifunika huvimba mara kwa mara. Lililotulia bila kusumbua huweza kuachwa na kuangaliwa tu. Anayesubiri mionzi ya saratani ya kichwa na shingo hung'olewa meno mabovu kabla ya kuanza, kwa sababu mionzi hupunguza damu katika mfupa wa taya, na kidonda cha baadaye huenda kisipone.

Kuna pia kung'oa kusiko na msingi wowote wa kitabibu. Tanzania na nchi jirani, mtoto mchanga mwenye homa au kuhara huweza kuambiwa ana "meno ya plastiki"; fizi hupasuliwa na chipukizi za chonge zake hutolewa. Ugonjwa huo haupo. Mtoto huvuja damu, hupata maambukizi, na chonge za kudumu zilizo chini huweza kuharibika, huku kilichomletea homa kikiendelea bila tiba. Huu ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Wengi hung'olewa kwa sababu tiba ya mizizi ni ghali na huweza kuhitaji kurudi zaidi ya mara moja. Lakini pengo nalo lina gharama: mfupa wa hapo hupungua, meno jirani huinama, na lile la taya nyingine linalokabili pengo huteremka au kupanda.

Basi kabla hujakubali, muulize daktari kama jino lako linaweza kuokolewa, na uombe akuoneshe picha ya eksirei. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi: nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu maambukizi ya jino huweza kuziba njia ya hewa na kuua.