Mkutano wa Kwanza wa Teknolojia ya Afya: Beba Swali la Mgonjwa

Kutoka mlango wa kliniki ya kisukari hadi mlango wa chumba cha macho, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, hatua hazikuzidi mia moja. Hata hivyo, mama mmoja mkulima, aliyehudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka minane bila kukosa, alifika chumbani kwetu kwa mara ya kwanza akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kupoteza nuru, na la kushoto lilibakiwa na nuru kidogo tu. Mama huyo hakuwa amezembea. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ya retina kimyakimya, bila maumivu, na kwamba mwenye ugonjwa huo anapaswa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Muuguzi kiongozi wa chumba chetu, ambaye ndiye aliyempokea, aliniuliza swali moja: "Daktari, wagonjwa hawa wanatupoteaje kati ya mlango ule na huu?" Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye nilipata mwaliko wa kuhudhuria mkutano wa teknolojia ya afya, wa kwanza maishani mwangu, nikamwahidi kwamba nitarudi na jibu hilo.

Nilirudi na mkoba wa kitambaa wenye nembo za wafadhili, kalamu saba, rundo la vipeperushi na cheti cha ushiriki. Kwa siku tatu nilikuwa nimeketi katika ukumbi mkubwa, nikipiga picha za slaidi ambazo sikuzitazama tena. Muuguzi alinipokea kwa heshima, akauliza, "Umetuletea nini, Daktari?" Nikampa kalamu.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ni kweli kwamba niliokota, lakini nilichookota hakikumfaa mgonjwa hata mmoja. Tangu wakati huo nimehudhuria mikutano kadhaa ya aina hiyo, na nimejifunza kwamba faida ya mkutano hutegemea sana swali ambalo mhudhuriaji ameondoka nalo nyumbani. Makala haya yanamlenga mhudumu wa afya anayejiandaa kwenda kwa mara ya kwanza, pamoja na mgonjwa ambaye, mwishoni, ndiye atakayewekwa mbele ya mashine iliyochaguliwa huko.

Kabla ya safari

Jambo la kwanza ni kuandika swali. Swali hilo lisiwe pana kama "teknolojia inawezaje kuboresha huduma", kwa sababu swali la namna hiyo hujibiwa na kila mzungumzaji, na jibu lake halimsaidii yeyote. Liwe swali linalotoka kazini, lenye mahali na mtu ndani yake: Kwa nini majibu ya maabara huchelewa kufika wodini? Tutamjuaje mama mjamzito ambaye hakurudi kliniki? Waulize wenzako, kuanzia mpokea wagonjwa na mtunza kumbukumbu hadi fundi wa vifaa tiba. Mara nyingi wao ndio wanaojua kazi inakwama wapi.

Jambo la pili ni kukusanya takwimu chache za hapo ulipo: wagonjwa wangapi huhudhuria kwa mwezi, wangapi hupewa rufaa, wangapi hufika kule walikoelekezwa. Umeme hukatika mara ngapi kwa wiki? Intaneti hufika chumba gani? Bila takwimu hizo huwezi kupima kama unachoonyeshwa kinakufaa.

Jambo la tatu ni kuisoma ratiba mapema. Mikutano mikubwa huendesha vikao kadhaa kwa wakati mmoja, na anayetaka kuhudhuria vyote huishia kusimama milangoni. Chagua vikao viwili au vitatu kwa siku vinavyogusa swali lako. Ukiona jina la mtoa mada anayefanya kazi katika mazingira yanayofanana na yako, mwandikie kabla ya mkutano na umwombe dakika kumi za mazungumzo. Wengi hukubali.

Ukumbini

Watu wengi wanaohudhuria kwa mara ya kwanza huogopa kuuliza, hasa pale lugha ya mkutano inapokuwa Kiingereza. Andika swali lako kwenye karatasi, kisha lisome. Taja jina lako, mahali unakotoka na swali moja tu, bila hotuba. Ukishindwa kuuliza hadharani, mfuate mtoa mada wakati wa mapumziko. Ukikuta watu wa Afrika Mashariki, zungumzeni Kiswahili bila haya. Mambo ambayo hayakusemwa jukwaani husemwa hapo.

Usiyapuuze mabango ya utafiti yanayobandikwa kwenye korido. Mwenye bango husimama kando yake akisubiri mtu wa kuzungumza naye, na aghalabu ni kijana aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Muulize nini kilishindikana. Jukwaani mafanikio husimuliwa kwa urefu. Kushindwa hupewa slaidi moja, tena ya mwisho.

Kila jioni, kabla ya kulala, andika ukurasa mmoja: nilichojifunza, nani alinifundisha, na nitakifanyia nini. Ukiacha hadi urudi nyumbani, siku zote tatu zitakuwa zimechanganyika kichwani. Aidha, usimwonyeshe mtu picha za wagonjwa zilizomo kwenye simu yako, hata kama nia ni kueleza tatizo. Siri ya mgonjwa haiachwi nyumbani tunaposafiri.

Kwenye mabanda ya maonyesho

Hapa ndipo mgeni hupotea. Mashine zinang'aa, wauzaji ni wakarimu, na maonyesho hufanyika kwenye umeme usiokatika. Kabla ya kuvutiwa, uliza maswali haya sita:

1. Kifaa hiki kilijaribiwa kwa wagonjwa gani, na wapi?
2. Umeme au intaneti ikikatika, kinafanya nini?
3. Taarifa za wagonjwa huhifadhiwa wapi, na nani ana haki ya kuzitumia?
4. Kwa miaka mitano kitagharimu kiasi gani, ukijumlisha leseni, vipuri na mafunzo, na fundi wake anaishi wapi?
5. Je, kinaweza kupeleka taarifa kwenye mfumo tulio nao, kama vile DHIS2, bila muuguzi kuandika jambo lile lile mara mbili?
6. Mgonjwa atakayekutwa na tatizo atatibiwa wapi, na nani?

Swali la tatu lina uzito wa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Anayekusanya picha na majina ya wagonjwa ana wajibu chini ya sheria hizo, na kuwa katika majaribio si kisingizio.

Swali la nne nalo limeandikwa kwa gharama ya watu wengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliotazama hospitali katika nchi zenye kipato kidogo, ulionyesha kwamba takribani asilimia 40 ya vifaa tiba havikuwa vikifanya kazi. Kila aliyewahi kufungua stoo ya hospitali anaijua picha hiyo: mashine nzuri, iliyofunikwa shuka, inayosubiri kipuri kimoja.

Umuhimu wa swali la kwanza na la pili unaonekana katika mfano wa taaluma yangu. Mwaka 2016 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya programu ya akili unde iliyofunzwa kwa picha za retina takribani 128,000, na iliyotambua athari za kisukari machoni kwa kiwango kilichokaribia cha madaktari bingwa. Baadaye programu hiyo ilipelekwa katika kliniki 11 nchini Thailand, na taarifa ya uzoefu huo ikachapishwa mwaka 2020. Kati ya picha 1,838, asilimia 21 zilikataliwa na programu kwa kukosa ubora. Vyumba vingi havikuwa na giza la kutosha kupigia picha za retina, na intaneti ya polepole ilichelewesha kazi. Mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa aliambiwa amwone bingwa siku nyingine, na safari hiyo ilikuwa mzigo kwa wengi. Programu haikuwa mbovu. Ilikuwa imefunzwa kwa picha nzuri, ikakutana na vyumba vya kawaida, kama vyetu.

Hesabu ya kufanya papo hapo

Muuzaji akikwambia kwamba kifaa chake "kina usahihi wa asilimia 90", toa kalamu. Tuseme unapima wagonjwa wa kisukari 1,000, na kati yao 50 wana tatizo la retina linalohitaji tiba. Tuseme pia kwamba kifaa hutambua wagonjwa 90 katika kila 100 wenye tatizo, na huwaondolea shaka 90 katika kila 100 wasio na tatizo.

Katika wale 50, kitawatambua 45. Watano watarudishwa nyumbani wakiambiwa wako salama. Katika wale 950 wasio na tatizo, kitawatilia shaka 95. Kwa hiyo watu 140 watapewa rufaa, na ni 45 tu kati yao, chini ya theluthi moja, ndio wenye tatizo la kweli. Waliobaki watakopa nauli, watalala kwa jamaa na kuacha shamba ili waje kuambiwa kwamba hawana kitu.

Hesabu hii haisemi kwamba kifaa kisinunuliwe. Kuwapata 45 ambao wangeweza kupofuka ni jambo kubwa. Inasema kwamba lazima ujue mapema ni nani atawapokea hao 140, kwa fedha gani, na tiba ya leza au sindano iko umbali gani. Kumpima mtu usiyeweza kumtibu wala kumpeleka anakotibiwa ni kumwongezea hofu. Ndiyo maana swali la sita, japokuwa limewekwa mwisho, kwangu ndilo lililo zito kuliko yote.

Baada ya kurudi

Mkutano wangu wa pili ulikuwa tofauti. Nilikwenda na swali la muuguzi nikiwa nimeliandika kwenye jalada la ndani la daftari. Jibu sikulipata jukwaani. Nilikuwa kwenye foleni ya chai nilipomsomea swali hilo muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyesimama mbele yangu. Akacheka, akasema wao walikuwa na tatizo lile lile. Walianza kwa daftari la kaunta lililowekwa katika kliniki ya kisukari, lenye safu moja ya tarehe ya kupimwa macho. Safu ikiwa tupu, mgonjwa hasindikizwi kwa maneno, anasindikizwa kwa miguu hadi chumba cha macho siku hiyo hiyo. Asiyefika hupigiwa simu. Baadaye ndipo walipohamishia orodha hiyo kwenye kompyuta.

Nilirudi na ukurasa mmoja wa maelezo na namba yake ya simu. Ndani ya wiki moja tuliwaita wenzetu wa kliniki ya kisukari kwa nusu saa, nikaeleza, nao wakarekebisha. Tukaanza kwa siku moja ya kliniki kwa wiki, tukihesabu waliofika kabla na baada. Muuguzi huyo wa wilaya nilimpigia mara tatu, na kila mara alituepusha na kosa ambalo wao walikwisha kulifanya.

Basi nakushauri ufanye mambo matatu ndani ya siku saba za kurudi: wasilisha ulichojifunza kwa wenzako, waandikie watu wawili au watatu uliokutana nao, na anzisha jaribio moja dogo lenye kipimo. Ukisubiri ripoti ndefu ikamilike, kazi za wodi zitakuwa zimekwisha kuimeza.

Neno kwa mgonjwa

Ndugu msomaji uliye mgonjwa, siku moja utaketishwa mbele ya kifaa kipya. Una haki ya kuuliza: Kinapima nini? Kinaweza kukosea? Picha yangu itakwenda wapi? Nikikutwa na tatizo, nitatibiwa wapi? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na mhudumu mwema atafurahi kukujibu. Na kama una kisukari, usisubiri mashine yoyote. Katika ziara yako ijayo, uliza tarehe yako ya kupimwa macho.

Yule mama bado huja kliniki, akiongozwa na mjukuu wake. Jicho la kushoto tuliliokoa kwa kiasi. La kulia hapana. Mwaliko wa mkutano ujao umefika, na safari hii nimeomba nafasi iende kwa muuguzi kiongozi. Amekwisha kuandika swali lake, nami nimemwomba jambo moja tu: asituletee kalamu.